Usiuze Kahawa Ingali Maua

Mazungumzo na wakulima wa Mkoa wa Kagera juu ya akiba, mkopo na chama cha ushirika



Katika kijitabu hiki mmekwisha kusoma habari za kupanda kahawa, kupogoa, kutandaza nyasi na kuchuma. Yote hayo ni kazi ya mikono. Sasa nataka tuzungumze juu ya kazi nyingine ya shamba, ambayo hufanywa kwa kichwa na kwa daftari, nayo ni kazi ya kutunza fedha. Huenda mtu akauliza, "Fedha zina nini na Bwana Shamba? Yeye na ashughulike na miti." Nami namjibu hivi: nimeona vibanja vingi ambavyo havikuharibiwa na wadudu wala na jua. Viliharibiwa na deni. Kwa hiyo anayetaka kutunza mibuni yake vizuri hana budi kujua pia namna ya kukopa na namna ya kulipa.

Butura ni nini

Ninyi wa Kagera hamhitaji kuelezwa neno butura. Ni desturi ya mkulima kuchukua fedha kwa mtu wakati kahawa ingali maua, au ingali mbichi mtini, na kuahidi kumpa mtu huyo kahawa yote ya miti kadhaa itakapoiva. Bei hupangwa siku ile ile ya shida, na mwenye kuipanga ni yule mwenye fedha. Jambo hili si la Kagera tu. Kule Mbinga wakulima wa kahawa huliita magoma, na huko Mtwara na Lindi wakulima wa korosho wanajua sana maana ya kangomba. Majina ni mengi, ugonjwa ni mmoja. Viongozi wa Serikali wameikataza butura mara nyingi, lakini katazo peke yake halikuimaliza, maana mwenye shida hukopa usiku na kahawa huondoka usiku. Yafaa basi mkulima mwenyewe aone hasara yake kwa macho yake.

Tufanye hesabu

Chukua kalamu. Hesabu hii ni mfano tu, wala si bei ya soko la mwaka wowote.

Tuseme mwezi wa Januari una shida ya shilingi 100,000. Mtu wa butura anakupa fedha hizo kwa kilo 100 za kahawa, yaani kilo moja shilingi 1,000. Mwezi wa Julai kahawa inaiva na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo zako 100 zina thamani ya shilingi 300,000, na zote zinakwenda kwake. Kwa kutumia shilingi 100,000 muda wa miezi sita umelipa shilingi 200,000 juu yake. Hakuna benki inayotoza hivyo.

Sasa tuseme fedha zile zile umezikopa katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia moja na nusu kila mwezi. Kwa mwezi riba ni shilingi 1,500, na kwa miezi sita ni shilingi 9,000. Mwezi wa Julai unauza kilo zako 100 kwa shilingi 300,000, unalipa shilingi 109,000, nawe unabaki na shilingi 191,000 mkononi. Shida ya Januari imekwisha, deni limekwisha, na nyumba ina fedha.

Lakini mtu mwenye hadhari atauliza, "Je, bei ikianguka?" Ni swali zuri. Tuseme imeanguka hata nusu, kilo ikawa shilingi 1,500. Kahawa yako ni shilingi 150,000. Ukilipa chama shilingi 109,000 unabaki na shilingi 41,000. Ni kidogo, lakini ni chako. Yule wa butura bado amebeba kilo zote, na wewe huna kitu.

Na mavuno yakikosekana kabisa? Hapo kweli pana taabu kwa kila mkopaji. Mtu wa butura atalihamisha deni mpaka msimu ujao na kuliongeza. Chama nacho kitadai fedha zake, maana ni fedha za jirani zako. Kwa sababu hiyo shika kanuni hii: usikope kwa kupima mwaka wa neema. Kopa kwa kupima mwaka mbaya uliowahi kuuona katika kibanja chako. Ikiwa kahawa ya mwaka ule isingeweza kulipa, mkopo huo ni mkubwa mno kwako.

Jinsi butura inavyoharibu mibuni

Hasara ya fedha ni nusu tu ya hasara. Nusu ya pili iko shambani. Mtu akijua kwamba kahawa ya upande ule wa kibanja si yake tena, mikono yake humwia mizito. Hapalilii, maana anampalilia mwingine. Hatandazi nyasi, wala hakati machipukizi. Samadi huipeleka kwenye migomba peke yake. Wakati wa kuchuma ukifika, mnunuzi ana haraka na mwenye shamba hana uchungu, basi tawi hukwanyuliwa lote, nyekundu na kijani pamoja, na vichipukizi vya mwaka ujao vikang'oka.

Kahawa mbichi iliyochumwa hivyo haina uzito, na ikikaushwa juu ya udongo hushika harufu ya ukungu. Kisha huchanganywa na kahawa nzuri ya watu wengine, na sifa ya kahawa ya mkoa mzima hushuka. Kahawa ya mkulima aliye huru huchumwa nyekundu, kwa kurudia mti mara kadhaa, hukaushwa juu ya chanja au jamvi, na haiwekwi guniani mpaka punje zilie ndani ya ganda ukizitikisa. Kazi hiyo yataka subira, na mwenye deni la butura hana subira ya kutoa.

Tena liko jambo la nyumbani. Mara nyingi butura hufanywa na mmoja kwa siri. Mke aliyepalilia mwaka mzima anakuja kujua siku ya kuchuma, anapomwona mgeni na magunia yake kibanjani. Hapo mavuno huwa ni ugomvi, na watoto ndio wanaoumia. Kahawa ni ya nyumba nzima, hivyo deni lolote juu yake lijulikane na mume na mke kabla halijachukuliwa.

Kwa nini watu wazima huingia

Sisemi kwamba wanaouza maua ni wajinga. Mtu huuza maua kwa sababu mtoto ni mgonjwa, au shule zimefunguliwa na sare hazijanunuliwa, au kuna msiba. Wengine huuza kwa sababu chama chao kilichukua kahawa mwaka jana kikachelewa kulipa, wakaona afadhali kidogo cha leo kuliko kingi cha kesho. Sababu hizi ni za kweli, na kila moja yataka dawa yake.

Ugonjwa na msiba havina tarehe. Lakini Januari ina tarehe. Huja kila mwaka, na kila mwaka hutukuta tumeshangaa kana kwamba ni mgeni. Kahawa ya Kagera huanza kuiva karibu mwezi wa Mei na kuendelea mpaka kiasi cha Oktoba. Fedha huingia nyumbani wakati huo. Basi shida ya Januari yapasa kulipwa mwezi wa Agosti, yaani fedha zake zitengwe siku ile ile kahawa inapolipwa, kabla ya nguo na kabla ya bia. Haba na haba hujaza kibaba.

Akiba kwanza, mkopo baadaye

Katika nchi ya Ujerumani palikuwa na kiongozi wa wilaya ndogo aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Katika njaa ya mwaka 1846 na 1847, huko Weyerbusch, aliunda chama cha kupata unga na kuoka mikate kwa ajili ya maskini. Watu walipona njaa. Lakini kadiri miaka ilivyopita aliona kwamba sadaka ya matajiri huchoka, na kwamba wakulima walikuwa wakiliwa na wakopeshaji wenye riba kubwa. Mwaka 1864 akaanzisha huko Heddesdorf chama cha mikopo ambacho wanachama wake walikuwa wakulima wenyewe, wakidhaminiana wao kwa wao. Kila mmoja alimjua mwenziwe, shamba lake na tabia yake. Mtindo huo ulienea nchi nyingi, na vyama vyetu vya akiba na mikopo ni wajukuu wake.

Hapa nchini yafaa mjue tofauti ya vyama viwili. Chama cha ushirika cha mazao, ambacho watu hukiita AMCOS, hukusanya kahawa ya wanachama, huipima na kuiuza. Chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, hukusanya akiba za wanachama na kuwakopesha wanachama hao hao. Mkulima mwenye busara huwa katika vyote viwili: kimoja humuuzia, kingine humtunzia.

Kama SACCOS iko mbali, anzeni na kikundi cha kijiji cha kuweka akiba. Watu ishirini au ishirini na tano mnaojuana, mnanunua hisa kila wiki, fedha zinakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote. Kila shilingi inayoingia na kutoka huandikwa, na husomwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Masharti matano ya mkopo mzuri

Ukitaka kukopa katika chama, pima mkopo wako kwa masharti haya.

Kwanza, uwe na kazi inayojulikana. Mkopo wa mbolea ununue mbolea, na mkopo wa kulipa vibarua wa palizi ulipe vibarua. Mkopo usiokuwa na jina huliwa njiani.

Pili, uje kwa wakati wake. Fedha ya mbolea ikifika mvua zikiwa zimekwisha ni hasara juu ya hasara. Peleka ombi lako mapema.

Tatu, muda wa kulipa ufuate zao. Mkulima wa kahawa anayeahidi kulipa mwezi wa Februari anajidanganya, maana hana cha kuuza mwezi huo. Aahidi mwezi ambao kahawa yake inalipwa.

Nne, uwe na wadhamini wanaokujua. Nao wasiweke sahihi kwa kuona haya. Anayemdhamini mtu amekopa pamoja naye.

Tano, ulipwe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii ni ya zamani kwa sababu tabia hii ni ya zamani. Kumbuka kwamba fedha ulizokopa zilikuwa akiba ya mama wa jirani aliyeuza ndizi sokoni. Usipolipa, chama hakiwezi kumkopesha yeye siku mtoto wake anapougua, naye atakwenda kwa mtu wa butura. Hivyo deni lako moja huzaa butura katika nyumba nyingine.

Ushirika ni mali ya nani

Ushirika si jambo geni kwetu. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, na mwaka 1933 ukaandikishwa ushirika mkuu wa Kilimanjaro, KNCU. Bukoba nako ushirika mkuu uliandikishwa mwaka 1950, na leo wakulima wa pande zile wana KCU, na wa Karagwe wana KDCU.

Lakini njia haikuwa tambarare. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Ndani ya miaka ile wakulima wengi walizoea kusema "chama cha Serikali", na mpaka leo wako wanaosema hivyo. Neno hilo lina madhara. Mtu akidhani chama ni cha Serikali, halindi fedha zake, haendi mkutanoni, na akikopa huona kama amepewa zawadi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 yaeleza wazi kwamba chama ni cha wanachama. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, mwenye miti elfu sawa na mwenye miti hamsini.

Chama kikienda kombo

Nisingetenda haki kama ningewahimiza mjiunge na chama nikanyamaza juu ya makosa ya vyama. Viko vyama vilivyopima kwa mizani ya uongo. Viko vilivyokata makato yasiyoelezeka, na viko ambavyo fedha zake zilipotea. Dawa ya makosa hayo si kukimbilia butura. Dawa iko mikononi mwenu, ikiwa mtaitumia.

Siku ya kupima, simama mbele ya mizani, uone kwamba mshale uko kwenye sifuri kabla ya gunia kuwekwa, na kwamba mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo. Usiondoke bila stakabadhi yenye jina lako, kilo zako na tarehe. Itunze pamoja na vyeti vya watoto.

Siku ya mkutano mkuu, nenda. Taka usomewe mapato na matumizi, na makato yote kwa majina yake. Uliza habari za ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama kinaruhusiwa kukopa kwa mwaka, maana kiasi hicho hakiwekwi bila kupitishwa na ninyi wanachama. Uliza pia kama hesabu zimekaguliwa. Liko shirika la ukaguzi, COASCO, lililoundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Halmashauri ya chama isiyotaka kuulizwa ina jambo la kuficha, nanyi mna haki ya kuiondoa kwa kura zenu.

Mkishindwa kupatana, mwoneni Afisa Ushirika wa wilaya. Yeye ni mtu wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kazi yake ni kusimamia sheria ifuatwe. Hawezi kuwachagulia viongozi, wala hawezi kuwalipia deni.

Msaada wa Serikali

Serikali inao msaada wake, nao yafaa mujue mahali ulipo. Kwa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Swali la kwanza lipelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tangu msimu wa 2022/23 pamekuwa na mpango wa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa. Asiyeandikishwa huinunua kwa bei kamili, basi hakikisha jina lako limo. Na tarehe 28 Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, ili vyama viwe na benki yao.

Hata hivyo, kumbukeni kwamba mikopo ya halmashauri nayo hulipwa. Kukosa riba hakuifanyi kuwa zawadi. Kikundi kinachokwenda kukopa bila daftari na bila akiba yake kidogo hurudi na deni, na baada ya mwaka hakuna kikundi.

La kufanya mwaka huu

Mwezi wa kahawa kulipwa, tenga fedha ya Januari, uipeleke katika chama au katika sanduku siku ile ile. Kabla ya mvua za vuli, peleka ombi lako la mkopo wa mbolea, na kadiri lake lipimwe kwa mwaka mbaya. Maua yanapotokea, kaeni mume na mke mhesabu miti yenu, na muahidiane kwamba hakuna ua litakalouzwa. Ikitokea shida ya ghafula, nenda kwanza kwa chama, kisha kwa kikundi, kisha kwa ndugu. Mtu wa butura akija usiku na fedha mkononi, mwulize atakupa shilingi ngapi kwa kilo, kisha uchukue kalamu ufanye hesabu ile ya mwanzo mbele yake. Ukishaimaliza, mwage kwa adabu. Asubuhi nenda ukapalilie kahawa yako.